Kihisi kipi cha haidrojeni kinakufaa? Oksidi za metali za nano zikipimwa na wenzake

Haidrojeni haina rangi wala harufu, na hata ikiwaka mchana moto wake hauonekani vizuri kwa macho. Gesi ya kupikia hutiwa dawa yenye harufu kali ili mtu ajue imevuja. Haidrojeni kwa kawaida haitiwi, kwa sababu dawa hizo zina salfa, na salfa huharibu seli za fueli na vichocheo vinavyotumia gesi hiyo safi. Pua basi haina msaada hapa. Anayefanya kazi karibu na haidrojeni anategemea kifaa, na kifaa kisichofaa kina hatari kuliko kukosa kifaa kabisa, maana kinampa mtu utulivu asiopaswa kuwa nao.

Kwa wengi wetu Afrika Mashariki, haidrojeni haiko kwenye roketi wala kwenye gari la kisasa. Iko kwenye chumba cha betri: betri za risasi na asidi zinazotunza umeme wa sola, zile za minara ya simu, zile zinazoshikilia kompyuta za benki na mashine za hospitali umeme unapokatika. Betri ikishajaa na chaja ikaendelea kusukuma umeme, umeme huo wa ziada huyapasua maji yaliyomo ndani yakawa oksijeni na haidrojeni. Kila ampea-saa moja ya ziada hutoa takriban lita 0.45 za haidrojeni kwa kila seli, katika joto la kawaida la huku kwetu.

Tufanye hesabu. Mfumo wa volti 48 una seli 24. Kidhibiti cha chaja kimeharibika na kinapitisha ampea 10 za ziada. Hizo ni lita 108 za haidrojeni kila saa. Chumba kina mita 3 kwa 2.5, na kimo cha mita 2.8, yaani mita za ujazo 21. Kikiwa kimefungwa bila hewa kupita, haidrojeni hufika asilimia 1 kabla saa mbili hazijatimia, na asilimia 4 baada ya kama saa nane. Asilimia 4 ndiyo mwanzo wa eneo la kulipuka, na eneo hilo linaendelea hadi asilimia 75. Cheche inayohitajika ni ndogo mno: nishati ya milijuli 0.02 hivi inatosha, chini ya sehemu ya kumi ya ile inayohitajika kuwasha methani. Tena hesabu hiyo inachukulia kwamba gesi imesambaa sawasawa chumbani. Haidrojeni ni nyepesi mara 14 kuliko hewa, hivyo hukimbilia juu, na tabaka lililo chini ya dari hufika kwenye hatari mapema zaidi.

Niseme msimamo wangu mapema. Mtu anayechagua kihisi kwa kuangalia namba ya wepesi wa kuhisi iliyoandikwa kwenye karatasi ya bidhaa anachagua kwa kigezo kisichofaa. Kigezo changu ni hewa: hewa gani kihisi hiki kitavuta kwa miaka ijayo, na ndani yake mna nini zaidi ya haidrojeni? Ukijibu hilo kwa uaminifu, orodha ndefu ya bidhaa inapungua yenyewe.

Unataka kujua nini hasa?

Kuna maswali mawili yanayochanganywa sana. La kwanza: je, kuna uvujaji unaoanza? Hapa unatafuta sehemu chache kati ya milioni, ppm 50, ppm 200, ppm 1,000. La pili: je, tunakaribia kulipuka? Hapa unazungumzia asilimia, na asilimia 1 ni ppm 10,000. Kengele nyingi za viwandani huwekwa ilie mara ya kwanza kwenye sehemu ya kumi ya kiwango cha chini cha kulipuka, yaani asilimia 0.4, kisha ya pili kwenye robo yake, yaani asilimia 1.

Vihisi vya oksidi za metali, yaani metali iliyoungana na oksijeni, viko imara kwenye swali la kwanza. Mwitikio wake haupandi kwa mstari ulionyooka. Unabadilika sana gesi ikiwa kidogo, kisha unazidi kulegea kadiri gesi inavyoongezeka. Tofauti kati ya ppm 100 na ppm 500 inaonekana waziwazi, ilhali tofauti kati ya asilimia 2 na asilimia 3 inaweza kupotea ndani ya mtetemo wa kipimo. Kwa swali la pili kuna vihisi vingine vinavyofaa zaidi, na nitavifikia.

Oksidi inahisije?

Mwaka 1962 Tetsuro Seiyama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kyushu, Japani, walionyesha kwamba utando mwembamba wa oksidi ya zinki iliyopashwa moto hubadilisha ukinzani wake wa umeme gesi zinapoufikia. Mwaka huohuo Mjapani mwingine, Naoyoshi Taguchi, aliomba hataza ya kihisi cha oksidi ya bati. Kazi yake ndiyo iliyozaa kampuni ya Figaro, iliyoanzishwa mwaka 1969 na inayouza vihisi hivyo hadi leo.

Uso wa oksidi iliyopashwa nyuzi 200 hadi 400 za Selsiasi hunasa oksijeni ya hewa. Oksijeni hiyo hunyang'anya elektroni kutoka kwenye oksidi, tabaka la juu likabaki na upungufu wa elektroni, na umeme ukapita kwa shida. Haidrojeni ikifika, inaungana na ile oksijeni iliyonaswa, inakuwa mvuke wa maji na kuondoka, na elektroni zinarudi zilikotoka. Ukinzani unashuka, na mshuko huo ndio tunaoupima.

Mambo mawili yanafuata hapo, na yote mawili yanahusu uchaguzi. Kwanza, pasipo oksijeni hakuna kipimo. Usikiweke kihisi hiki ndani ya bomba la haidrojeni tupu ukategemea kikwambie kitu. Pili, gesi yoyote inayokula oksijeni ya usoni itafanya vilevile: spiriti ya kusafishia, kaboni monoksidi, gesi ya mitungi, mvuke wa rangi ya mafuta. Kihisi hakijui jina la gesi. Kinajua tu kwamba oksijeni yake imeliwa.

Udogo unaongeza nini, na unagharimu nini

Lile tabaka lenye upungufu wa elektroni ni jembamba sana, kama nanomita 3 kwa oksidi ya bati (nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Kwenye punje ya mamia ya nanomita, karibu umbo lote la ndani halina habari na yanayotokea usoni, hivyo badiliko la umeme ni dogo. Punje ikipungua kufikia nanomita 6 au chini yake, tabaka la upande huu linakutana na la upande wa pili, punje nzima inakuwa uso mtupu, na mwitikio unapanda ghafla. Jambo hilo lilionyeshwa wazi mwaka 1991 na watafiti wa Kyushu, akiwemo Noboru Yamazoe, na tangu hapo mbio za kutengeneza miundo midogo zaidi hazijakoma.

Hata hivyo punje ndogo ina kasoro inayotokana na udogo wenyewe. Ipashe nyuzi 300 au 400 mchana na usiku kwa miezi, na itaanza kushikana na jirani zake na kukua. Kile kihisi kilichosifiwa maabarani siku kilipozaliwa si kile kitakachokuwa ukutani mwaka mmoja baadaye. Kwa sababu hiyo navutiwa zaidi na waya za nano kuliko unga wa punje ndogo kabisa. Waya ya nano mara nyingi ni fuwele moja iliyonyooka. Haina mipaka mingi ya punje ndani yake, na huhifadhi umbo lake kwenye joto kwa muda mrefu zaidi. Huenda mwitikio wake wa siku ya kwanza ukawa mdogo, lakini unaweza kuutegemea. Ugumu wa waya uko kwingine: kuziunganisha na vituo vya umeme kwa namna ileile kila mara, ili kihisi cha kwanza na cha mia vifanane. Unga unapakwa kama rangi, na viwanda vinapenda kitu kinachopakwa. Ndiyo maana bidhaa nyingi za dukani bado ni za unga uliochomwa, na waya zimebaki zaidi kwenye majarida ya sayansi.

Oksidi nne, na familia moja ya pembeni

*Oksidi ya bati (SnO₂)* ndiyo kongwe na ndiyo utakayoikuta dukani. Kihisi kidogo kinachojulikana kwa jina la MQ-8, ambacho wanafunzi wa umeme hukiunganisha na Arduino, bodi ndogo ya kompyuta ya kujifunzia, ni cha oksidi ya bati. Kinapashwa kwa volti 5, kinakula karibu wati 0.8, na mtengenezaji anataka kipashwe zaidi ya saa 24 kabla ya kuamini usomaji wake. Sifa ya oksidi ya bati ambayo haisemwi vya kutosha ni uvumilivu wake kwa asidi. Betri zikichemka wakati wa kuchajiwa hurusha ukungu mwembamba wa asidi ya salfa. Oksidi ya bati haitikisiki sana na ukungu huo.

*Oksidi ya zinki (ZnO)* ndiyo kipenzi cha maabara zetu, na kwa haki. Unaweza kuotesha vijiti vya nano vya zinki ndani ya maji yenye nitreti ya zinki na heksamini, kwenye joto la nyuzi 90 hivi, kwa saa chache, ukitumia oveni ya kawaida na chupa yenye kifuniko. Huhitaji pampu za ombwe wala tanuru la gharama kubwa. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida walionyesha kwamba vijiti hivyo vikipakwa paladi, metali adimu ya jamii ya platini, vinaweza kutambua haidrojeni hata ikiwa ppm 10 tu, bila kupashwa moto. Mwanafunzi wa shahada ya pili mwenye vifaa vichache aanze hapa. Lakini zinki haipatani na asidi, huyeyuka. Kwa hiyo katika chumba cha betri za maji, oksidi ninayoipendekeza kwa kujifunzia ndiyo nisiyoipendekeza kwa kulinda. Makala nyingi zinazosifu vijiti vya zinki hazigusi jambo hili, kwa sababu vipimo vyake hufanywa kwa hewa safi ya mtungi, na hewa ya chumba cha betri si hiyo.

*Dioksidi ya titani (TiO₂)* ina hadithi nzuri zaidi ya zote. Ukiweka bamba la titani kwenye kimiminika chenye floraidi na kupitisha umeme, uso wake unajichimba wenyewe kuwa msitu wa mirija ya nano iliyosimama wima. Mwaka 2003 kundi la Craig Grimes, Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, lilionyesha mirija hiyo ikibadilisha ukinzani wake kama mara elfu kwa ppm 1,000 za haidrojeni, kwenye nyuzi 290. Baadaye walionyesha jambo ambalo kwa mtu wa karakana ni la maana kuliko namba hiyo: mirija iliyochafuliwa kwa mafuta ya injini iliweza kujisafisha kwa kumulikwa mwanga wa urujuanimno, kwa sababu titani chini ya mwanga huo huunguza uchafu wa kikaboni. Kwa maeneo yenye mvuke wa mafuta, huu ndio mwelekeo ambao ningependa watafiti wetu wauendeleze. Kwa mnunuzi wa leo, bado ni vigumu kuipata dukani.

*Trioksidi ya tungsteni (WO₃)* ina kipawa cha pekee: ikipakwa paladi au platini kidogo na kukutana na haidrojeni, inageuka rangi kuwa ya buluu. Badiliko hilo linaweza kusomwa kwa mwanga kupitia nyuzi za kioo, bila waya wa umeme kufika mahali pa hatari, na kwa hiyo bila cheche. Kwa upande wa umeme, tungsteni inahisi sana nitrojeni dioksidi, gesi inayotoka kwenye moshi wa dizeli. Gesi hiyo hupandisha ukinzani pale ambapo haidrojeni huushusha. Jenereta likinguruma nje ya dirisha la chumba cha betri, kama ilivyo kwenye vituo vingi vya minara ya simu, moshi wake unaweza kuificha haidrojeni isionekane. Tungsteni ya kusoma kwa mwanga, naam. Tungsteni ya kusoma kwa ukinzani kando ya jenereta, hapana.

Kisha kuna oksidi zinazopitisha umeme kwa njia ya mashimo, yaani nafasi zilizokosa elektroni, badala ya elektroni zenyewe, kama za nikeli na shaba. Kwake ukinzani hupanda haidrojeni inapofika. Kwa umbo lilelile, mwitikio wake ni kama mzizi wa mraba wa ule wa oksidi za kundi la kwanza: penye mara 100, hizi zinatoa mara 10. Zinafaa zaidi kama nyongeza juu ya oksidi nyingine kuliko peke yake.

Paladi, na bei ya kuiweka

Karibu kila kihisi kizuri cha haidrojeni cha aina hii kina chembe za paladi usoni. Paladi huipasua molekuli ya haidrojeni kuwa atomu, na atomu hizo humwagikia juu ya oksidi zikiwa tayari kuungana na oksijeni. Joto la kazi linashuka, mwitikio unaharakika, na kihisi kinaipendelea haidrojeni kuliko gesi nyingine.

Ila paladi yenyewe inaweza kulishwa sumu. Misombo ya salfa huishika isiiachie. Kaboni monoksidi huizuia, hasa kwenye joto la chini. Kwa hiyo matangazo ya kihisi kinachofanya kazi bila kupashwa moto yanahitaji kusomwa kwa makini: kutopasha kunaokoa umeme, lakini kunakiondolea kihisi uwezo wa kujichoma na kujisafisha, na kunakiacha mikononi mwa unyevu.

Unyevu wa pwani na silikoni ya fundi

Mvuke wa maji hujishikiza kwenye uso wa oksidi na kuchukua nafasi za oksijeni. Ukinzani wa msingi unashuka, na mwitikio kwa haidrojeni unapungua. Kihisi kilichopangwa Nairobi, mahali pakavu na baridi, kikapelekwa Tanga au Zanzibar mwezi wa Aprili, kitasoma haidrojeni isiyokuwepo au kitapuuza iliyopo. Dawa ni kupima unyevu na joto kando yake na kurekebisha usomaji kwa hesabu. Kihisi cha unyevu ni cha bei ndogo, na sioni sababu ya mtu kufunga cha oksidi bila hicho.

Adui mwingine ni silikoni. Gundi ile ya bomba inayozibia madirisha, baadhi ya mafuta ya kulainishia, hata dawa za kung'arisha, hutoa mvuke wenye silikoni. Mvuke huo ukiungua juu ya uso wa moto unaacha tabaka la kioo ambalo haliondoki. Vihisi vya oksidi na vile vya kuunguza gesi vyote vinaathirika. Mwambie fundi anayeziba dirisha la chumba hicho asitumie silikoni vihisi vikiwa wazi. Avifunike, na asivifunue hadi gundi ikauke kabisa.

Dhidi ya gesi nyingine kuna mbinu ya kuchuja: kufunika oksidi kwa ngozi nyembamba ya silika, au ya fuwele zenye vitundu vidogo, ili haidrojeni, ambayo ni molekuli ndogo kuliko karibu zote, ipenye na nyingine zibaki nje. Wengine huweka chujio la makaa mbele ya kihisi ili kunasa mvuke wa spiriti. Ukilinganisha bidhaa mbili za oksidi ya bati, uliza kuhusu chujio kwanza.

Washindani

Jedwali hili ni la kutazama haraka. Maelezo yanayofuata ndiyo yenye uzito.

| Aina ya kihisi | Kinapofaa | Oksijeni | Kinachokisumbua |
|---|---|---|---|
| Oksidi ya metali | ppm makumi hadi asilimia 1 hivi | Lazima | Unyevu, spiriti, silikoni |
| Cha kuunguza gesi | Asilimia 0.1 hadi 4 | Lazima | Silikoni, salfa, gesi zote zinazowaka |
| Cha kielektrokemia | ppm hadi asilimia chache | Kwa kawaida lazima | Kukauka, kaboni monoksidi |
| Cha upitishaji joto | Asilimia 1 hadi 100 | Haihitajiki | Heliamu, badiliko la joto |
| Cha paladi tupu | ppm hadi asilimia kadhaa | Si lazima | Salfa, kaboni monoksidi |

Kihisi cha kuunguza gesi kina shanga mbili za moto. Moja ina kichocheo, nyingine haina. Gesi ikiungua juu ya ile ya kwanza, joto lake linapanda na tofauti inapimwa. Ndicho askari mkongwe wa viwandani, na kwa swali la pili, lile la kulipuka, namwamini kuliko oksidi: usomaji wake unapanda karibu kwa mstari ulionyooka hadi kiwango cha chini cha kulipuka. Udhaifu wake ni kwamba kikitiwa sumu kinakufa kimyakimya, na skrini inaendelea kuonyesha sifuri.

Cha kielektrokemia kinatumia umeme kidogo sana na kinasoma ppm kwa usahihi mzuri, lakini asidi iliyo ndani yake inakauka kwenye joto kavu, na kwa kawaida hubadilishwa baada ya miaka michache. Wahudumu wa majengo wajue jambo hili: kengele nyingi za kaboni monoksidi ni za aina hii, na huitikia haidrojeni pia. Kengele ya kaboni monoksidi ikilia karibu na betri zinazochajiwa na hakuna kinachoungua, usiizime ukasema imeharibika. Fungua milango, zima chaja kutoka nje ya chumba, kisha ukague betri.

Cha upitishaji joto kinatumia sifa ya haidrojeni ya kupitisha joto karibu mara saba kuliko hewa. Kwa ppm hakina msaada. Lakini ndicho kinachofaa pale ambapo hakuna hewa, kama ndani ya majenereta makubwa ya umeme yanayopozwa kwa haidrojeni, ambako kazi ni kuhakikisha gesi inabaki safi na haichanganyiki na hewa.

Paladi tupu inanyonya haidrojeni hadi mamia ya mara ya ujazo wake, ikivimba na kubadilisha ukinzani. Ikichanganywa na nikeli au dhahabu, inatulia zaidi. Ni nzuri, na ni ghali.

Kwa hali yako

Chumba cha betri za risasi, chenye umeme wa uhakika: ningefunga viwili. Cha oksidi ya bati chenye chujio, juu karibu na dari, kiwashe feni ya kutolea hewa kikiona ppm 1,000 hivi. Kando yake cha kuunguza gesi, kilichoidhinishwa kwa maeneo yenye hatari ya mlipuko, kikate chaja kwenye asilimia 1. Oksidi inakuamsha mapema, cha kuunguza kinafunga kazi. Na hakuna kihisi kinachochukua nafasi ya matundu ya hewa juu na chini ya ukuta. Kama bajeti ni ya kimoja tu, nunua cha kuunguza gesi na utumie salio kwenye matundu.

Kituo cha sola cha kijijini: wati 0.8 mfululizo ni karibu wati-saa 19 kwa siku, na kwa mfumo mdogo hizo si chache. Tafuta cha oksidi chenye kibamba kidogo cha kupashia kilichochongwa kwenye silikoni ya elektroniki (si ile ya gundi), kinachokula miliwati makumi tu, au cha kielektrokemia kama chumba hakina joto kali.

Betri za lithiamu ni jambo jingine. Zikiwa nzima hazitoi haidrojeni. Seli ikianza kuharibika na kupata joto lisilodhibitika, inatema mchanganyiko wa haidrojeni, kaboni monoksidi na mvuke wa kimiminika chake kabla ya moto kuonekana. Hapa ule udhaifu wa oksidi, kutochagua gesi, unageuka faida: kihisi kinaitikia mchanganyiko mzima, na dakika chache anazopata mlinzi ni za thamani sana.

Mitambo mikubwa inakuja. Kenya ilitangaza mkakati wake wa haidrojeni ya kijani, yaani ile inayotolewa kwenye maji kwa umeme jadidifu, Septemba 2023. Oman iliunda Hydrom, kampuni ya serikali ya kusimamia haidrojeni hiyo, mwaka 2022 na inalenga tani milioni 1 kwa mwaka ifikapo 2030, na mafundi wengi wanaozungumza Kiswahili wanaishi huko. Kwa kazi ya namna hiyo soma kiwango cha kimataifa ISO 26142 cha mwaka 2010 kuhusu vitambuzi vya haidrojeni vya kufungwa mahali pamoja, na malengo ya Wizara ya Nishati ya Marekani: kupima asilimia 0.1 hadi 10, kuitikia chini ya sekunde moja, kufanya kazi kati ya nyuzi 30 chini ya sifuri na 80 juu yake, na kudumu miaka 10. Kupata kihisi kimoja cha oksidi kinachotimiza yote hayo kwa pamoja ni shida, na muuzaji anayedai kuwa nacho aonyeshe cheti.

MQ-8 iliyo wazi kwenye bodi ya majaribio ni ya kujifunzia. Matundu ya wavu wa chuma ulioifunika yapo kwa sababu: ndani mna kitu cha moto chenye kichocheo, na wavu huo huzuia mwali usitoke nje. Usiung'oe ili kiitikie haraka.

Baada ya kufunga, kihisi kipimwe kwa gesi ya mtungi yenye kiwango kinachojulikana, tuseme asilimia 1, ambayo iko chini ya kiwango cha kuwaka. Kiberiti cha gesi hakifai kwa kazi hii, kwa sababu hakikuambii lolote kuhusu haidrojeni. Na unapoagiza mtungi huo, andika wazi kwamba haidrojeni ichanganywe na hewa, isichanganywe na nitrojeni. Kihisi cha oksidi au cha kuunguza kikipewa haidrojeni ndani ya nitrojeni hukosa oksijeni, husoma uongo, na fundi anaweza kukirekebisha mpaka kiharibike huku akidhani anakitengeneza. Rudia kipimo hicho kila baada ya miezi mitatu, na andika usomaji na tarehe kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni, ambapo fundi wa zamu inayofuata ataiona kabla ya kuingia.